Wasomaji Wanauliza: Binti wa miaka 3, kamba, na matatu iliyogeuzwa chumba cha kulala

SWALI: Habari yako dada. Mimi na mzee wangu tuko Kitengela. Tulinunua Hiace iliyokuwa matatu, fundi akang'oa viti vya nyuma akatuwekea kitanda, makabati na mahali pa meko, sasa ni gari ya kulala kabisa. Tulikuwa tunapanda miamba tangu chuo, alafu binti akazaliwa na kamba zikaingia stoo. Sasa ana miaka 3 na tunataka kwenda Hell's Gate kule Naivasha mwezi wa nane shule zikifunga, tulale kwa gari, tupande, na yeye pia apande kidogo. Maswali yangu: ameshafika umri wa kuvaa hanesi (ile mikanda ya mwilini ya kufungia kamba)? Na sisi wawili tutapata nafasi ya kupanda kweli? Mama mkwe ashasema tumerukwa na akili. (Mama Binti, Kitengela)

JIBU: Mama Binti, kabla ya hanesi tuhesabu watu kwanza. Mmoja wenu akiwa juu ya mwamba na mwingine ameshika kamba, binti ameshikwa na nani? Hapo ndo safari nyingi za aina hii huharibikia, sio kwenye mwamba wenyewe. Utaniambia atakaa tu hapo kwa leso na biskuti zake na kitabu cha kupaka rangi, haya, atakaa dakika 4, ya 5 ameona mnyama na ameinuka kumfuata, na wewe uliyeshika kamba huwezi kuiachia kwa sababu mzee wako ananing'inia huko juu, na huwezi kumkimbilia mtoto kwa sababu umeshika kamba. Mshika kamba ana kazi moja, basi. Kwa hivyo swali lako la pili nalijibu bila kuzunguka: mkiwa wawili tu na mtoto wa miaka 3, hampandi kwa kamba. Mnapanda siku kuna mtu mzima wa tatu ambaye kazi yake ni mtoto, sio mtoto na simu, sio mtoto na nyama choma. Mdogo wako, shemeji, rafiki asiyejali kupanda. Na kama mnataka amani nyumbani muiteni mama mkwe mwenyewe aje, Hell's Gate ni moja ya mbuga chache Kenya unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, ataona twiga na punda milia na atarudi akisimulia kanisani vile alienda safari, wala hatakumbuka ni nani alirukwa na akili.

Sasa hanesi. Ndiyo, anaweza kuvaa, lakini isiwe ile ya kiunoni kama yenu. Mtoto wa umri huo hana nyonga, kiuno na makalio ni kitu kimoja, na kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, kwa hivyo akigeuka akiwa hewani miguu inakuwa juu kichwa chini na anaweza kuchomoka kabisa. Anahitaji hanesi ya mwili mzima, ile inapita mabegani na kamba inafungwa kifuani. Mvalishe nyumbani kwanza, mninginize sebuleni mahali salama hata kama ni juu ya kitanda, aizoee, acheke, kwa sababu mtoto akishikwa na woga mara ya kwanza akiwa mita 3 juu mtakuwa mmemfungia mlango huo kwa miaka. Helmeti lazima imkae vizuri na avae hata akiwa amekaa tu chini, na kukaa chini kwenyewe asikae karibu na mwamba mnakopandia, akae kando na mbali, mawe hayabishi hodi.

Kuna vitu viwili watu wakubwa husahau wakipandisha mtoto kwa kamba ya juu, yaani ile imepitishwa huko juu ya mwamba na mshika kamba yuko chini. Kwanza kamba inavutika. Akiwa mita 1 au 2 tu kutoka chini akiteleza, ule mvutiko peke yake unaweza kumfikisha ardhini, so mwanzoni kaza kamba mpaka uhisi unambeba kidogo, ukilegeza legeza baadaye. Pili ni uzito. Mtoto wa kilo 14 kwenye mwamba uliolala kidogo ukimwambia "kaa nikushushe" hashuki! Kamba inasuguana huko juu na uzito wake hautoshi kuivuta, anabaki amesimama hapo analia na wewe chini unatingisha kamba. Ndo maana mzazi mmoja anapanda sambamba naye kwa kamba nyingine, au anasimama mahali anaweza kumfikia kwa mkono. Na kimo, sitaki kusikia Fischer's Tower mpaka juu. Ule mnara wa mwamba una kama mita 25, ni mzuri, uko karibu na Elsa Gate hata mtoto ataufikia bila kubebwa sana, lakini kwake yeye mita 3 ni safari ya mwezini. Mpe mita 3 ashuke, ale ndizi. Akisema tena, tena. Akisema basi ni basi na mfunge kamba mwende, hata kama mmelipa mbuga na mmeamka saa kumi na moja.

Na kusema kweli kitakachomfurahisha pale mnarani sio kamba, ni pimbi. Wanaishi kwa ile mianya, wanatoka kuota jua asubuhi, wanamkodolea macho mtoto na mtoto anawakodolea. Yale mabaka meupe mnayaona yameshuka kwa jiwe ni mkojo wao umekauka miaka na miaka, mwambieni, watoto wanapenda sana habari za mkojo, na mwambieni pia kwamba ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo, hatawaamini lakini ni kweli. Mara nyingi utakuta vijana pale chini wenye kamba na helmeti za kukodisha ambao wanaweza kukushikia kamba kwa malipo, hiyo nayo ni njia moja ya kupata mtu mzima wa tatu, ila tumia kamba yenu mnayoijua umri wake, na kabla mtu hajaacha ardhi kila mmoja akague fundo la mwenzake.

Ushauri wangu lakini, na utaona nauweka katikati badala ya mwanzo kwa sababu najua mngeuruka: msianze na Hell's Gate. Mko Kitengela bana, miamba ya kilima cha Lukenya iko hapo tu ukipita Athi River kwa barabara ya Mombasa. Mountain Club of Kenya, chama cha tangu 1949, wamekuwa wakipanda Lukenya miaka mingi, ulizeni huko kuhusu ruhusa ya kuingia na siku wanazokwenda, mkienda nao tayari mko na watu wazima wa ziada na pengine na watoto wenzake. Nendeni asubuhi mrudi jioni, alafu wikendi nyingine mlale kwa gari hata kama ni kwa kiwanja cha rafiki. Mtajua kama mtoto analala kwa gari, kama taa iko mahali pabaya, kama poti imekaa karibu. Haya mambo hayajulikani kwa kufikiria.

Sasa hiyo Hiace, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo inanitia wasiwasi kuliko mwamba wote. Fundi aling'oa viti, je mtoto anakaa wapi gari ikitembea? Kitanda sio kiti. Najua inavutia, amelala, barabara ni ndefu, mwache tu hapo nyuma, lakini breki moja ya ghafla na mtoto anaruka mpaka kioo cha mbele. Arudishiwe kiti kimoja cha kampuni kilichofungwa kwa chesisi, chenye mkanda wa pointi tatu, sio ule wa tumboni tu, na juu yake kiti chake cha mtoto. Na gari ikibadilishwa umbo inatakiwa ipelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ikaguliwe na logbook ibadilishwe, kama fundi hakuwaambia basi ndo nawaambia, bima ikija kukataa kulipa itaanzia hapo hapo.

Mtungi wa gesi, ule wa kilo 6 najua ndo mnao, usimame wima na ufungwe na mkanda usianguke kwenye kona. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu itoke dirishani, inashuka na kukaa sakafuni, pale pale mtoto anachezea na godoro lipo. Kwa hivyo mwambieni fundi atoboe tundu la hewa sakafuni karibu na mtungi, na usiku funga gesi kwa regulator kabisa sio kwa kitufe cha jiko tu. Alafu baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa saba na wa nane inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 na mtu anafikiria kuingiza jiko la makaa ndani kidogo tu ipate joto. USITHUBUTU. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, haikohozeshi, unalala tu. Wala hata likiwa limebaki na majivu mekundu. Blanketi mbili, soksi, kofia ya sufu, na mtoto katikati yenu. King'ora cha hiyo hewa kinauzwa, ni kidogo kama saa ya mezani, nunueni.

Barabara mnazijua, kuna ya juu ya Limuru na ya chini ya Mai Mahiu. Gari ikiwa na kitanda, maji lita 40 na makabati ya mbao ni nzito kuliko mlivyoizoea, kwa hiyo ukishuka ukingo wa Bonde la Ufa shuka na gia ndogo usikae kwa breki mpaka zinuke, na malori ya pale yapisheni tu hata wakipiga honi. Kulala, mna kambi za ndani ya mbuga, Naiburta na Ol Dubai ziko juu na upepo mzuri lakini huduma ni chache, au mlale kambi za kando ya Ziwa Naivasha kwa Moi South Lake Road zenye maji ya moto na vyoo vya kueleweka. Mkilala ziwani, mtoto hatoki nje ya fensi usiku hata kwa susu, viboko hutoka majini giza likiingia kuja kula nyasi na kiboko hana mchezo. Mbuga inalipiwa eCitizen, lipeni mkiwa nyumbani kwa WiFi yenu sio getini na bundle ya mia.

Kwa mwamba, kabla hamjafungua begi simameni mbali mtazame juu kama dakika 10 hivi mkitafuta nyuki. Wanapenda mianya ya majabali, na mtu mzima akivamiwa anaweza kukimbilia kwa gari akafunga vioo, lakini mtoto aliyefungwa kamba hawezi kukimbia popote. Mkiwaona wanaingia na kutoka mwanya fulani, hamieni mwamba mwingine bila mjadala.

La mwisho kwenu, lile bonde jembamba la Ol Njorowa huko huko Hell's Gate. Msiende naye. Najua picha ni tamu, kuta zimechongwa na maji, lakini maji hayo hayo huja bila taarifa, mvua inanyesha huko mbali juu na nyie mlipo jua linawaka. Aprili 2012 yaliua vijana wa kanisa waliokuwa matembezini, na Septemba 2019 yakaua tena watalii. Mtu mzima hapati pa kupandia, sembuse aliyebeba mtoto mgongoni.

SWALI: Mambo dada. Mimi ni Mtanzania naishi Köln, Ujerumani na familia. Wajerumani kazini kila mtu ananiambia Fontainebleau, Fontainebleau. Tumeamua kukodi kempa (gari ya kulala) mwezi wa saba twende wiki moja na kijana wetu wa miaka 5 ambaye anapenda sana kupanda kwenye ukuta wa ndani. Ni kweli panafaa watoto au ni sifa tu? Na hii habari ya kulala popote na kempa ikoje? (Baba wa Mpanda Kuta, Köln)

JIBU: Kaka, sifa zile ni za haki. Kwa mtoto wa miaka 5 sidhani Ulaya kuna mahali pazuri zaidi. Ni msitu kusini mashariki mwa Paris, kama kilomita 60 na kitu, umejaa mawe ya mchanga mviringo mviringo, mengi hayakuzidi kimo cha mtu, na chini yake ni mchanga mweupe laini utadhani uko Kigamboni ila hakuna bahari. Hakuna kamba. Unapanda, unashuka, unahamia jiwe la pili. Na Wafaransa tangu miaka ya 1940 wamechora njia kwa rangi, kila jiwe lina namba na kimshale cha rangi, unafuata namba 1, 2, 3 mpaka mwisho. Njano ni rahisi, chungwa inafuata, bluu, nyekundu ndo watu wameanza kutoa machozi. Nyeupe sehemu nyingi ni za watoto kabisa, zimechorwa kwa kimo chao. Mtoto wa miaka 5 akishaelewa mchezo wa kutafuta namba inayofuata humwoni tena, wewe ndo utaomba kupumzika. Anzieni pale Larchant kwenye jiwe la Tembo, lina mkonga kabisa, au mchanga wa Cul de Chien, hata mama asiyepanda anakaa na kitabu.

Ila mwambie mambo haya kabla. Kupanda ni rahisi kushuka ndo kazi, kijana atafika juu ya jiwe la mita 2 na nusu ndo agundue hajui kurudi, kwa hiyo sheria ni kwamba kabla hajapanda anazunguka jiwe akuonyeshe atashukia wapi. Wewe ukimlinda kwa chini mikono yako iwe karibu na kiuno na mgongo wake, usimshike mkono wala mguu, unatakiwa umwongoze atue kwa miguu kwenye godoro la kuangukia, sio umdake kama mpira. Na godoro likiwa chini ya mtu anayepanda mtoto hakai juu yake, hakai! Watoto wanalipenda wanalifanya kitanda na mtu mzima wa kilo 80 yuko juu yao. Futa viatu kwa kitambaa kabla ya kugusa jiwe, mchanga kwenye soli unasugua jiwe kama msasa. Mvua ikinyesha msipande mpaka likauke vizuri, jiwe la mchanga likilowa linakuwa dhaifu na kishikio kikimeguka kimemeguka, hakioti tena.

Mwezi wa saba ni joto, mikono inatoa jasho na wapandaji wazuri wengi huja vuli au masika. Kwa mtoto haijalishi, ila nendeni asubuhi mapema, mchana mkalale au mkaogelee, jioni mrudi.

Kulala popote, hapana. Kwenye maegesho ya msituni kulala na gari hairuhusiwi, na moto wa aina yoyote msituni ni marufuku mwaka mzima, msitu mkavu ule. Kuna kambi za kulipia pembeni na baadhi ya miji ina sehemu rasmi za makempa, mwezi wa saba zinajaa, weka nafasi sasa hivi. Na msiache pasipoti na begi garini mkienda kupanda, maegesho ya wapandaji wezi nao wanayajua. Kila jioni mkague mtoto kupe, nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, kwenye mstari wa nywele, kupe wa huko wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta mtoe kwa kibanio ukimshika karibu kabisa na ngozi uvute taratibu, usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti kama tulivyofundishwa na mabibi. Wekundu ukianza kutanuka kama duara siku za baadaye, mpeleke kwa daktari.

Gari sasa. Ujerumani mtoto chini ya miaka 12 na asiyefika sentimita 150 lazima awe na kiti chake, Ufaransa ni chini ya miaka 10. Muulize mkodishaji kwa maandishi ni viti vingapi vinaangalia mbele vyenye mkanda wa pointi tatu, na kama kuna Isofix (vile vyuma vya kufungia kiti cha mtoto), kwa sababu kempa inatangazwa ya watu 4 ukifika unakuta viwili kati ya hivyo vimekaa upande upande na kiti cha mtoto hakifungiki hapo. Vitanda 4 haimaanishi viti 4. Umbali ni kilomita 500 na ushee, mimi ningegawa siku mbili nilale njiani Ubelgiji, lakini kama kijana wako ni wa kulala akishafungwa mkanda ondokeni saa mbili usiku.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Mwanza, sina kempa, nina Noah tu na godoro. Wanangu wana miaka 4 na 7 na hapa tumezungukwa na mawe. Naweza kuwafanyia safari ya kupanda mawe bila kwenda mbali? (Kijana wa Mawe, Mwanza)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Noah inatosha sana, kunja viti tandika godoro umemaliza, wengine wameuza shamba wapate kitu hicho hicho chenye sinki. Mawe yenu ya matale ni ya kukwaruza, viatu vya raba vinashika vizuri lakini goti likiburuzika linachubuka, wavae suruali ndefu. Tafuta eneo lenye mawe mafupi na chini pawe na udongo au nyasi, usiende yale yamepangana kwa sababu katikati kuna mashimo mtoto anazama na nyoka pia wanapapenda, piga piga fimbo kwanza kabla mkono haujaingia mwanya wowote. Mwenye eneo aombwe ruhusa, mengi yako kwenye viwanja vya watu. Jua la saa sita linalichoma jiwe mpaka halishikiki, kwa hiyo nendeni saa moja asubuhi mmalize saa nne. Na wakishachoka watakuomba waingie ziwani kuoga miguu, usikubali kwenye yale maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani, ndo makao ya konokono wa kichocho. Beba maji yako ya kunawa kwenye dumu. Huyo wa miaka 7 mwache achague jiwe, wa 4 atataka lile lile la kaka yake, na hapo utakuwa na kazi ya kusema hapana mpaka jioni.